Mgagani Hufuata Zizi

"Nikufungie saga ya ngapi?" mama mboga aliniuliza katika soko moja la Nairobi. Mimi mtu wa Pwani nilitazama vile vijani vitano vilivyochanua kama vidole kwenye kikonyo kimoja, nikajua: huu ni mgagani.

Jina lile la sokoni likanirudisha mbali, na hilo ndilo njia ya kwanza ya kuifuata mboga hii. Wakisii huiita mboga hii chinsaga, Waluhya tsisaga, Wakipsigis isagek. Kikisii na Kiluhya ni lugha za Kibantu, Kikipsigis ni ya Kiniloti. Hazikuzaliwa tumbo moja, lakini hapa zinaitikiana. Jina halivuki mpaka peke yake. Hubebwa na watu walioishi jirani na kuonjana vyungu.

Njia ya pili iko ardhini. Mgagani hupenda samadi. Zizi likihama, mvua ikanyesha, mboga hujiotea palepale ng'ombe walipokuwa wakilala. Kila zizi lililoachwa likawa bustani isiyolimwa na mtu.

Njia ya tatu iko jikoni. Majani haya ni machungu. Huchambuliwa, huchemshwa, na wengi humwaga maji ya kwanza. Kisha hutiwa maziwa na kulazwa chunguni hadi kesho, yapashwe moto tena. Uchungu hutulia, mboga ikalainika. Kwa Wakisii, mama aliyetoka kujifungua hupikiwa hii apate nguvu. Ng'ombe aliyeirutubisha mboga ndiye anayeiunga.

Mwaka 1753, Mswidi Carl Linnaeus aliuandika mmea huu vitabuni: Cleome gynandra. Jina hilo la pili lilitokana na ua, ambalo sehemu zake za kiume na za kike zimeshikana kwenye kijiti kimoja. Mkulima wa huku hana subira na ua hilo. Likichomoza tu hulikata, mmea usije ukakimbilia mbegu ukaacha kutoa majani.

Baadaye kabichi na sukuma wiki zikatawala mashamba, mgagani ukaitwa gugu na chakula cha maskini. Mwaka 2007 wataalamu nchini Kenya walianza kuorodhesha vyakula vya asili, wakaandika mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi hiyo katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi.

Mimi nami nilijaribu kuupanda. Mbegu nilizozipanda zikiwa mbichi ziligoma. Mbegu za mgagani hutaka kulala miezi kadhaa kabla ya kuota. Masika yaliyofuata nikatawanya nyingine, safari hii zikiwa kavu, nikazifunika kwa udongo kiduchu. Ziliota kote, lakini zilistawi pembe moja tu. Nilipomwonyesha jirani, alicheka: pale ndipo lilipokuwa banda la mbuzi wake kabla sijahamia.