Ugomvi juu ya sala ya jioni

Sinagogi tunazisikia katika Injili, lakini sala ambayo Wayahudi wanasali humo kila siku ilipata umbo lake baada ya vita.

Mwaka wa 70 Waroma waliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Humo makuhani walikuwa wakitoa sadaka ya mwana-kondoo mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Sinagogi zilikuwapo tayari, ila kazi yake kubwa ilikuwa kusoma Torati na kufundisha. Sasa madhabahu hakuna. Walimu waliokusanyika mji wa Yavne wakapanga sala ya baraka kumi na nane, isaliwe asubuhi na alasiri, kwa kufuata nyakati za sadaka zile.

Na jioni je? Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Talmud inasimulia kwamba mkubwa wao, Gamaliel, mjukuu wa yule aliyemfundisha Paulo, alisema sala ya jioni ni lazima. Mwalimu Yoshua akasema ni hiari. Gamaliel akamsimamisha mbele ya mkutano wote, yeye mwenyewe akaendelea kufundisha ameketi, mzee wa watu amesimama tu. Watu wakanung'unika. Haikuwa mara ya kwanza kumwaibisha. Siku ile ile wakamwondoa Gamaliel katika ukubwa, wakamweka kijana Eleazar ben Azariah.

Sikilizeni sasa. Gamaliel hakutafuta watu wa kumpigania. Alikwenda kwa miguu yake nyumbani kwa Yoshua kuomba msamaha. Akakuta kuta nyeusi kwa moshi, ndipo akafahamu kwamba mwenzake anaishi kwa kazi ya makaa. Yoshua akamkemea: ole wao wanaoongozwa na mtu asiyejua taabu ya walimu wenziwe! Gamaliel akaomba tena, kwa heshima ya baba yake, na Yoshua akakubali. Tena ni Yoshua huyo aliyetuma ujumbe ili Gamaliel arudishwe. Eleazar hakufukuzwa, waligawana Sabato za kufundisha.

Na ile sala? Wayahudi waliizoea, wakaishika, nao wanaisali kila jioni hata leo. Lakini asubuhi na alasiri kiongozi anazirudia baraka zile kwa sauti mbele ya wote. Jioni harudii, kwa sababu Yoshua alisema ni hiari.