“Mlima Umeamua”: Huo Mlima Ni Gani?

Cheki kichwa cha habari kama hiki: “Mlima umekasirika.” Mgeni atadhani volkano imeamka. Msee wa Karatina anajua hiyo ni siasa. Neno ni moja, lakini kwa habari zetu lina maana nne.

1. Mlima wenyewe. Ule wa mawe na barafu, kilele cha Batian kikiwa mita 5,199. Ukiona Naro Moru, Sirimon, Chogoria, wapandaji au moto wa msituni, ndio huu.

2. Eneo. “Wakulima wa Mlima wadai pesa za kahawa.” Hapa ni Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru, Tharaka Nithi na majirani kama Kiambu, Nyandarua na Laikipia. Mpaka haujachorwa popote. Nakuru nayo mwandishi mmoja anaiweka, mwingine anaiacha.

3. Kura. “Kusaka Mlima”, “kugawanya Mlima”, “kuteka Mlima”. Hakuna anayebeba kamba na buti hapo. Wanaongelea wapiga kura kama gunia moja.

4. Wanasiasa. “Mlima unataka viti zaidi serikalini.” Soma ndani, unapata ni wabunge wachache mbele ya kamera.

Maana ya tatu na ya nne ndizo huchanganywa sana, na si kitu kimoja. Mwaka wa 2022 Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila Odinga, lakini wapiga kura wengi wa eneo hili walienda na William Ruto na Rigathi Gachagua, jamaa wa Mathira. Mkubwa alisema hivi, watu wakafanya vile. Oktoba 2024 Seneti ikamtoa Gachagua, na Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akachukua kiti cha naibu rais. Tangu hapo “Mlima Mashariki” na “Mlima Magharibi” zinasikika kila siku, ishara kwamba gunia halikuwa moja.

Sarufi pia inasaidia kuficha. Tunaandika “Mlima umeamua”, si “wameamua”, kwa sababu mlima uko kwa ngeli ya U-I, kama mti. Watu wanapotea ndani ya hiyo “u”. Mama mboga wa Chuka na msee wa boda wa Nanyuki wanaambiwa wameamua, na hakuna aliyewauliza.

So ukisoma, toa neno “Mlima” uweke “nani?” Kama jibu ni wanasiasa watatu hotelini Nyeri, hiyo ni maoni ya watu watatu. Kama ni matokeo ya kura, uliza ya kaunti gani na ya mwaka gani. Na kama habari haina jibu, usiipeleke kwa grupu ya WhatsApp kama ukweli. Uchaguzi ni Agosti 2027, na hilo neno utaliona sana kabla ya siku hiyo.