Mumias: Usilaumu Wezi Pekee

Wasee, kila nikiweka kitu kuhusu Mumias, komenti ni ileile: "Wezi walikula." Sibishi. Lakini ukiishia hapo hujaelewa mkulima wa Kakamega aliingiaje kwa hii stori.

Kampuni ilianzishwa 1971, sukari ikaanza kutoka 1973, serikali ikiwa na hisa nyingi na Booker McConnell ya Uingereza ikisimamia kazi. Miwa mingi ilitoka kwa maelfu ya watu wenye vipande vidogo vya shamba. Kampuni inakulimia na trekta, inaleta mbegu na mbolea, inakata, inabeba. Wewe huhitaji doo mfukoni. Poa, si ndio?

Sasa piga hesabu. Miwa ya huku huchukua kama miezi 18 hadi 24 kukomaa. Siku ya malipo, kwanza wanakata pesa ya kulima, ya mbegu, ya mbolea, ya wavunaji, ya lori. Lori likichelewa, miwa iliyokatwa inakauka na uzito unashuka, na wewe unalipwa kwa uzito. Hasara ya nani? Yako. Mizani ya nani? Yao. Mwenye shamba alikuwa wa mwisho kwa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya miaka miwili.

Tusidanganyane, ilifanya kazi miaka mingi. Kuna wakati Mumias peke yake ilitoa zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya. Kukhu yangu mpaka leo huhesabu umri wetu kwa miwa: wewe ulizaliwa tukikata machipukizi ya pili.

Kisha miaka ya 2010 malipo yakaanza kukawia miezi na miezi. Na sasa mkulima alikuwa na pa kwenda. West Kenya ilikuwa kule Kabras kitambo, Butali ikafunguliwa Malava, madalali nao wakazunguka na pesa mkononi. Ungeuzia nani? Anayekudai mbolea, ama anayekulipa wiki hii? Mumias wakaita huo wizi wa miwa. Mimi naita akili. Wengine waling'oa kabisa wakapanda mahindi.

Kiwanda cha kusaga zaidi ya tani 8,000 kwa siku kikakosa miwa, na mikopo iliyozikwa shambani haikurudi. Wizi ulikuwepo, sukari ya magendo pia, lakini kiwanda bila miwa ni mabati tu. Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka msimamizi wake juu ya madeni. Desemba 2021 Sarrai ya Uganda wakapewa kukikodi.

Halafu 2023 serikali ikasimamisha viwanda vya huku magharibi miezi kadhaa, kwa sababu watu walikuwa wanavuna miwa michanga. Viwanda vinang'ang'ania, mkulima hataki tena kungoja.

Kukhu amerudisha miwa kwa nusu ekari. Kwingine kote ni mahindi na mboga. Nikamuuliza, kukhu, hii utauzia nani? Akasema atakayefika na pesa kwanza.