Nani Kasaga Nyama Hii?

Mwaka 1930 mwanafunzi mmoja wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota alikubali kula baga na kunywa maji, basi, kwa wiki 13 mfululizo. Asubuhi baga, mchana baga, usiku baga. Kuelekea mwisho wa jaribio alikuwa akimaliza zaidi ya 20 kwa siku. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mwanasayansi Jesse McClendon, na gharama zote zililipwa na White Castle, kampuni iliyokuwa ikiuza baga kwa senti 5. Kijana alitoka akiwa mzima, na kampuni haikuchelewa kuutangazia umma.

Muuza chakula aliyejaza wateja kila siku alikuwa akitafuta nini maabara? Alikuwa akitafuta ushahidi kwamba chakula chake hakidhuru, kwa sababu Wamarekani wa wakati ule hawakuiamini nyama ya kusaga. Shaka hiyo ndiyo iliyoijenga baga, ikaivunja, kisha ikaijenga upya. Mtu anayezunguka New York, London au Paris leo akisaka baga bora ya mji anaingia, kwa kujua au kutojua, katika mabishano ya zaidi ya miaka 100: nani kasaga nyama hii, ameisaga lini, na imetoka kwa ng'ombe gani.

Kabla ya mkate kulikuwa na sahani. Katika karne ya 19 bandari ya Hamburg ilikuwa mlango wa maelfu ya Wazungu waliohamia Marekani, na kampuni ya meli ya HAPAG, iliyoanzishwa mwaka 1847, iliwavusha hadi New York. Mikahawa ya huko ikawapikia steki ya Hamburg: nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa au kusagwa, ikatiwa chumvi na kitunguu, ikaliwa kwa uma na kisu. Nani wa kwanza aliyeitia kati ya mikate miwili? Hapo kila mji una shujaa wake. Seymour, katika jimbo la Wisconsin, wanamtaja Charlie Nagreen, kijana wa miaka 15 ambaye mwaka 1885 alibonyeza vidonge vya nyama akavibana kwa mkate ili wateja wa maonyesho wale huku wakitembea. Ndugu wawili wa ukoo wa Menches wanatajwa mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya mji mwingine unaoitwa Hamburg, huu ukiwa katika jimbo la New York. New Haven wanamsimamia Louis Lassen na mwaka 1900.

Mkahawa wa Lassen, Louis' Lunch, ungali wazi na unastahili kutazamwa kwa karibu. Majiko yake ya chuma yanayotumia gesi yalitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 na yamesimama wima. Nyama hubanwa ndani ya wavu wa waya na kutumbukizwa katikati ya ndimi mbili za moto, ikaiva pande zote kwa pamoja huku mafuta yakichuruzika chini. Mkate ni tosti ya kawaida. Mteja anaweza kupata jibini, nyanya na kitunguu. Akiomba kechapu, ananyimwa. Nyama husagwa papo hapo, kila siku.

Hakuna haja ya kuwapatanisha wadai hao, maana karibu kila mmoja aliuza chakula kilekile kwa sababu ileile. Mashine za kusagia nyama kwa mkono zilikuwa zimeenea madukani na majumbani tangu miaka ya 1870 na 1880, na wafanyakazi wa viwandani walihitaji chakula cha moto kisichohitaji meza. Ila mashine ilileta mashaka pamoja na faida. Steki haina pa kuficha siri: mnunuzi anaona rangi, mafuta na mfupa. Nyama ikishapita kwenye mashine, mapande ya jana, mishipa na makombo yote yanafanana.

Mwaka 1906 mashaka yakapata kitabu. Upton Sinclair alikuwa amekaa wiki kadhaa katika mitaa ya machinjio ya Chicago, kisha akaandika riwaya ya The Jungle kuhusu mateso ya wafanyakazi wahamiaji. Wasomaji wakashtushwa zaidi na kurasa chache zilizoeleza kilichokuwa kikiingia ndani ya soseji na nyama ya makopo. Rais Theodore Roosevelt akatuma wakaguzi wake, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo akatia saini sheria ya ukaguzi wa nyama. Sheria ilipatikana, ila imani haikurudi. Kwa miaka mingi baadaye akina mama wa tabaka la kati waliwakataza watoto wao kununua baga kwenye mikokoteni ya mitaani.

Walter Anderson, mpishi wa mji wa Wichita katika jimbo la Kansas, aliielewa hofu hiyo kuliko mtu yeyote. Alifungua kibanda chake mwaka 1916. Badala ya kukaanga vidonge vinene vilivyobaki vibichi katikati, alibonyeza nyama ikawa nyembamba juu ya bamba la chuma lenye moto mkali, akaitandazia vitunguu, akaufunika mkate juu ili unyonye mvuke. Mwaka 1921 aliungana na Billy Ingram, aliyekuwa katika biashara ya nyumba na bima, wakakopa dola 700 na kuanzisha White Castle.

Kila kitu katika majengo yao kilisema neno moja: usafi. Kuta zilikuwa nyeupe, minara midogo ilinakiliwa kutoka mnara wa maji wa Chicago, wahudumu walivaa sare nyeupe, na jiko lilikuwa mbele ya macho ya mteja. Nyama ililetwa mara kadhaa kwa siku na kuiva mbele ya mlaji. Jaribio la Minnesota lilikuwa upande wa pili wa kazi hiyohiyo, kwa sababu Ingram alijua kwamba anauza utulivu wa moyo pamoja na nyama. Miaka michache tu baada ya Wichita, Marekani ilijaa vibanda vyeupe vya waigaji, wengi wakiwa hata jina wameliiba nusu.

Wakati huohuo, mji wa El Reno katika jimbo la Oklahoma ulipata baga yake kwa njia ya dhiki. Wakazi wanaihusisha na mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1922. Nyama ilikuwa ghali na vitunguu vilikuwa rahisi, hivyo wapishi walikata vitunguu vyembamba kama karatasi, wakavikandamiza kwa wingi ndani ya nyama juu ya chuma cha moto mpaka vikaungua kingo na kuwa vitamu. Ujanja wa kuitanua nyama ukageuka kuwa ladha ambayo watu husafiri mamia ya kilomita kuifuata. Robert's Grill, mkahawa mdogo wa mwaka 1926, bado unaipika hivyo. Ukitaka kujua ni kwa nini orodha za baga bora haziishii kwenye miji mikubwa, El Reno ni jibu tosha.

Kisha ikaja kasi. Ndugu Richard na Maurice McDonald walifungua mkahawa San Bernardino, California, mwaka 1940. Mwaka 1948 waliufunga kwa miezi kadhaa, wakawaondoa wahudumu waliopeleka chakula kwenye magari, wakapunguza orodha hadi vitu 9 na kuuza baga kwa senti 15. Jiko likawa kiwanda: mmoja anakaanga tu, mwingine anatia haradali na kechapu, mwingine anafunga. Ray Kroc alifungua tawi lake la kwanza Des Plaines, karibu na Chicago, Aprili 1955, na mwaka 1961 akawanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7. Mwanzoni matawi yalinunua nyama mbichi kutoka kwa wauzaji wa karibu, baga 10 kwa kila paundi. Kufikia miaka ya 1970 nyama hiyo ilikuwa imesagwa, kukatwa na kugandishwa katika viwanda vichache vikubwa, kisha kusafirishwa kwa malori.

Faida ya mfumo huo haifai kubezwa. Baga ya Ohio ilifanana na ya Oregon, na mtoto wa fundi wa magari alikula nyama ambayo babu yake aliipata sikukuu tu. Lakini mashine ya kusagia ilikuwa imeondoka tena mbele ya macho ya mlaji, safari hii ikiwa mbali sana. Donge moja dogo sasa lingeweza kubeba nyama ya ng'ombe wengi kutoka mashamba mengi. Hilo ni suala la afya moja kwa moja. Bakteria wa utumbo wa ng'ombe, wakiipata nyama machinjioni, hukaa juu ya kipande. Steki ikichomwa nje, wanakufa hata kama katikati ni nyekundu. Nyama ikisagwa, wa nje wanaingia ndani.

Januari 1993 madaktari wa watoto mjini Seattle walianza kupokea watoto wanaoharisha damu na kuharibika figo. Chanzo kilikuwa baga zisizoiva vizuri za mikahawa ya Jack in the Box, zenye bakteria aina ya E. coli O157:H7. Zaidi ya watu 700 waliugua katika majimbo manne, na watoto 4 walifariki. Jimbo la Washington lilikuwa tayari limeagiza nyama ya kusaga iive hadi nyuzi 68 za Selsiasi, ilhali kampuni ilifuata kiwango cha taifa cha nyuzi 60. Nyuzi 8 tu. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku uuzaji wa nyama ya kusaga yenye bakteria hao, na wazazi wa waliofariki na walionusurika walisimama mstari wa mbele kudai ulinzi huo.

Uingereza ilikuwa na msiba wake. Baga ilikuwa imeingia London mwaka 1954, pale kampuni ya Lyons ilipofungua Wimpy ya kwanza ndani ya mkahawa wake wa mtaa wa Coventry. Huo ndio mwaka ambao mgao wa nyama uliodumu tangu Vita Kuu ya Pili ulimalizika, na kwa vijana waliokulia kwenye kuponi, nyama ya Kimarekani iliyoletwa na mhudumu kwenye sahani ilikuwa sherehe.

Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya kamera na binti yake mdogo, akamwelekezea baga mdomoni na kula mwenyewe ili kuthibitisha kwamba nyama ya Uingereza ni salama. Ugonjwa wa ng'ombe kichaa ulikuwa umeshaenea mashambani, ukisambazwa na chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa mabaki ya wanyama. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ilikiri bungeni kwamba huenda ugonjwa huo umewaambukiza binadamu. Siku chache baadaye McDonald's iliacha kununua nyama ya Uingereza, na Umoja wa Ulaya ukazuia isiuzwe nje. Ng'ombe zaidi ya milioni 4 walichinjwa kuudhibiti ugonjwa, na watu wasiopungua 170 wa Uingereza walifariki kwa aina ya ugonjwa huo inayowapata binadamu. Baga za bei ya chini zilikuwa miongoni mwa vyakula vilivyotiliwa shaka zaidi, kwa sababu ya mabaki yaliyokwanguliwa na mashine kutoka kwenye uti wa mgongo.

Umaarufu wa baga wa miaka ya 2000 ulikua juu ya majeraha hayo. New York, mwaka 2001, mpishi Mfaransa Daniel Boulud aliuza baga ya dola 27 iliyojazwa nyama ya mbavu iliyopikwa taratibu na maini ya bata. Magazeti yalizungumzia bei, lakini mabadiliko ya kudumu yalitoka bustanini. Danny Meyer, aliyekuwa na kigari cha soseji katika Madison Square Park tangu mwaka 2001, alifungua kibanda cha Shake Shack hapo mwaka 2004, na nyama ikatoka kwa mchinjaji Pat LaFrieda, mchanganyiko wa mapande yaliyochaguliwa. Foleni ilizunguka bustani. Ghafla jina la mwuza nyama likawa sehemu ya sifa ya baga, jambo ambalo vizazi viwili vya walaji havikuwahi kulisikia. London ilifuata: Yianni Papoutsis alianza kwa kuuza baga ndani ya gari, na mwaka 2011 akafungua mkahawa wa Meatliquor.

Paris haikulazimika kujifunza upya. Sheria za Ufaransa zinamtaka mwenye bucha aisage nyama mteja anapoiomba, na mbele ya macho yake. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hatashangaa: naye buchani huonyesha kipande kwa kidole, kikapimwa, kikatiwa mashineni akiwa amesimama palepale, ndipo kima kiende nyumbani kuwa kababu au sambusa. Mwaka 2011 Kristin Frederick, mpishi kutoka California, aliingiza gari lake la Le Camion Qui Fume mitaani, na miaka michache baadaye mabingwa wa jikoni walikuwa wakishindana kwa jibini za mikoani na mikate ya waokaji wa mtaa. Kwa hesabu ya kampuni ya ushauri ya Gira Conseil, mwaka 2017 Wafaransa walinunua baga bilioni 1.46, wakaupita mkate wao wa siagi na nyama ya nguruwe.

Anayetaka kuijaribu hoja hii kwa ulimi aende Brooklyn, kwa Peter Luger, nyumba ya steki iliyofunguliwa mwaka 1887. Wakati wa mchana wanasaga mapande yanayobaki wanapokata steki zao kubwa zilizohifadhiwa ili zikomae, wanaunda baga nene ya zaidi ya nusu paundi, na kuiweka kwenye mkate wa ufuta bila mapambo. Ni moja ya baga ambazo wenyeji hutaja wakibishana kuhusu bora ya mji, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya steki iliyozaliwa nayo. Ikifika saa kumi kasorobo alasiri huduma ya baga inafungwa, na anayechelewa analipia steki.