Mjumbe wa Ndani ya Damu

Leo tutasoma historia ya jambo ambalo wafugaji walilijua kwa macho kabla wataalamu hawajalieleza.

Mkulima wa Tarime akitaka ng'ombe wa kuvuta plau, huchagua ndama dume na kumhasi. Ndama huyo akikua huwa maksai. Shingo yake haiwi nene kama ya fahali, tena ni mpole kufungwa nira. Basi jiulizeni: korodani ziko nyuma, shingo iko mbele. Habari ilifikaje huko?

Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, mtaalamu Arnold Berthold alitafuta jibu kwa vijogoo sita. Baadhi yao aliwaondolea korodani zote. Hao undu wao, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, ulibaki mdogo, wala hawakupigana kama majogoo. Wengine aliwatoa korodani, kisha akawawekea moja tumboni, mahali pasipo pake. Hao wakawa majogoo kamili: wakawika, wakapigana, wakafuata mitetea. Alipowapasua aliona kwamba mishipa ya fahamu ya zamani ilikuwa imekatika, lakini mishipa ya damu ilikuwa imeota na kuifikia korodani ile. Basi akajua kwamba habari hupita katika damu.

Mwaka 1905 Ernest Starling wa London aliwapa wajumbe hao jina: homoni. Mwaka 1935, huko Amsterdam, Uholanzi, wataalamu waliipata homoni ya kiume, testosteroni, katika korodani za fahali.

Mjumbe huyo huyo yumo katika nyumbu wa Serengeti. Yapata mwezi wa Mei na Juni madume hunguruma, hupigana na kuwania majike. Baada ya miezi minane hivi majike huzaa, wengi wao katika majuma machache. Fisi na simba hushiba, lakini hawawezi kuwamaliza ndama wote.

Ndugu wafugaji, aliyehasiwa harudi kuwa fahali. Ukimhasi dume bora kwa sababu ana nguvu za kuvuta plau, majike yako yatapandwa na yule dhaifu. Chagua fahali wa mbegu kwanza, maksai baadaye.

Maswali ya darasani:
1. Maksai hutofautianaje na fahali?
2. Berthold alijuaje kwamba habari hupita katika damu?
3. Katika zizi lako, ni dume gani usiyeweza kumhasi? Kwa nini?