Wakfu wa Aila na Hukumu ya London

Ndugu Waislamu, hukumu ya mahakama si mwisho wa hoja. Huenda ikawa ndiyo mwanzo wake.

Mwaka 1894 mahakama ya rufaa ya dola ya Kiingereza, huko London, ilibatilisha wakfu wa ndugu wawili wa Bengal. Waliwawekea mali watoto na vizazi vyao, na maskini wapate kizazi kikishakatika. Majaji walisema fungu la maskini ni jina tu. Hali Sayyidna Umar (R.A.), alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa shauri la Mtume (S.A.W.), aliwataja jamaa pamoja na mafakiri.

Je, Waislamu wa Bara Hindi walikaa wakilia? La. Jaji Syed Ameer Ali alikwisha kuandika rai ya kupinga mwono huo katika mahakama ya Calcutta. Mwaka 1911 Muhammad Ali Jinnah akapeleka mswada barazani, na mwaka 1913 wakfu wa aila ukahalalishwa kwa sheria. Mahakama ziliposema sheria hiyo haigusi wakfu za zamani, ikatungwa nyingine mwaka 1930.

Nasi pwani yalitufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama hiyo hiyo ya London iliifuata hukumu ya Bengal katika kesi ya wakfu kutoka Kenya, ingawa sisi ni Mashafi.

Basi tuwasomeshe vijana wetu, wa kiume na wa kike, fiqhi na sheria za serikali pamoja. Asiyesoma hukumu hawezi kuonyesha kosa lake. Wallahu aalam.