Namba Yako Kabla ya Safari



Leo tuongee kuhusu kitu kidogo ambacho wengi hukiacha hadi siku ya mwisho, nacho ni namba ya simu. Msichana anayekwenda kazini Muscat, au bi harusi anayemfuata mume aliyeajiriwa huko, hupanga madera, viungo na udi. Ukimuuliza atapatikanaje, anasema, "Nikifika nitapewa laini." Atapewa na nani, na kwa jina la nani? Tuangalie tulikotoka.

Zamani habari kati ya Unguja na Omani zilikwenda kwa majahazi. Kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Ukituma barua, jibu lilisubiri msimu. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na habari ya miezi ikafika upesi. Lakini waya ule ulikuwa wa wakubwa wa serikali na wafanyabiashara. Mama aliyetaka kujua hali ya mwanawe hakuwa na nafasi pale.

Hata simu ya mezani ilipokuja, namba ilikuwa ya ofisi, ya duka au ya mwenye nyumba. Wewe uliitwa, ukaongea watu wakisikiliza. Namba haikuwa yako, basi na siri haikuwa yako.

Mabadiliko yalikuja na simu za mkononi. Mobitel ilianza nchini mwaka 1994, Zantel ikaanzia Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikafuata mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na namba ikawa pia mkoba wa fedha. Mimi fundi cherehani naijua faida yake: mteja wa mbali hunitumia vipimo na malipo ya awali kwa namba hiyohiyo. Kisha mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wengi tulilalamikia foleni. Lakini tazama: kidole chako ndicho kilichokuwa saini, na namba ikawa yako kwa jina lako.

Sasa huko uendako. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Wapo walioeleza kuwa waajiri waliwanyang'anya pasi na simu. Si kila nyumba iko hivyo, wapo waajiri wenye hofu ya Mungu. Ila dada asiye na namba anarudi kwenye zama za majahazi, akisubiri upepo wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka:

Hakikisha laini yako ya nyumbani imesajiliwa kwa jina lako, na uliza namna ya kuitumia nje. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba anaweza kupewa mwingine. Usimwachie mtu laini pamoja na namba ya siri, hata kaka yako.

Namba ya Omani huanza na +968, kisha tarakimu nane. Ulizia mapema jinsi ya kuipata kwa pasi yako mwenyewe. Laini iliyoandikwa kwa jina la tajiri, tajiri anaweza kuifunga. Haki ya kuwa na simu iandikwe kwenye mkataba.

Mwisho, hifadhi kichwani namba mbili: ya nyumbani na ya ubalozi wetu Muscat. Simu inaweza kuchukuliwa, uliyoyahifadhi moyoni hayachukuliwi.

Bibi zetu hawakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo. Allah awalinde wasafiri wetu wote, awarudishe salama. Amin.